Maziara ya Kasubi na Amana ya Mafundi

Tangu zama ambazo hazikuandikiwa tarehe, watu wa milima ya Lubero na wa bonde la Semliki walikuwa na njia yao ya kushukia mashariki, kwanza kufuata chumvi ya ziwa la Katwe, iliyopandishwa migongoni mpaka katika vijiji vya Wanande, na baadaye, mipaka ya serikali za Kizungu ilipokwisha kuchorwa na duane kusimamishwa hapa Kasindi, kufuata vitambaa, mabati, sabuni na bidhaa nyingine za Kampala. Leo mfanyabiashara wa Beni au wa Butembo avukaye Lubiriha, akapita Mpondwe, Bwera na Kasese, huufikia mji ule wa vilima akiwa na hesabu ya fedha kichwani, na hiyo ni haki yake. Lakini upande wa barabara iendayo Hoima, mwendo wa takriban kilomita 5 kutoka katikati ya mji, kiko kilima kiitwacho Kasubi, na juu yake nyumba ya majani ambayo thamani yake haiingii katika hesabu ya soko. Nyumba hiyo ni maziara ya wafalme wanne wa Buganda. Nataka kueleza hapa jinsi ilivyojengwa, ilivyotunzwa, ilivyoteketea na ilivyoinuliwa tena, kwa kuwa naamini kwamba habari zake zina fundisho kubwa juu ya kile kinachoidumisha nyumba takatifu, na fundisho hilo latuhusu sisi wa upande huu wa mpaka kama linavyowahusu Waganda wenyewe.

Kabaka Muteesa wa Kwanza alitawala katika zama ambazo wageni wa kila upande walikuwa wakibisha hodi Buganda. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili walikwisha kufika katika baraza ya baba yake, Suna wa Pili, na miongoni mwa watangulizi wao hutajwa Ahmed bin Ibrahim, aliyefika mwaka 1844. Kwa kuja kwao Kiswahili kilisikika katika kasri, Kurani ikasomwa, na Muteesa mwenyewe kwa miaka kadhaa akafunga Ramadhani. Mwaka 1862 alimpokea John Speke, na mwaka 1875 Henry Stanley. Wamisionari wa Kianglikana wakawasili mwaka 1877, na mapadre wa Kikatoliki mwaka 1879. Katikati ya dini mpya, bunduki mpya na mavazi mapya, mwaka 1882 mfalme huyo alijenga kasri juu ya kilima cha Kasubi, wala hakulijenga kwa mawe. Alilijenga kwa miti, matete na majani, kwa kanuni zile zile walizozifuata babu zake. Mwaka uliofuata, huko Unguja, Sultani Barghash bin Said alijenga Beit al-Ajaib, jumba refu lenye nguzo za chuma zilizoletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Watawala hao wawili, waliounganishwa na misafara ya pembe za ndovu, kila mmoja alitangaza enzi yake kwa vitu alivyoviamini, na mwisho wa makala hii nitaitaja hatima ya majumba yao.

Muteesa alifariki mwezi wa Oktoba 1884. Kwa desturi iliyotangulia, mfalme wa Buganda alipofariki, mwili wake ulizikwa mahali pamoja, na mfupa wa taya ukatengwa, ukapambwa, ukawekwa katika nyumba yake maalumu, ambayo ndiyo iliyozuriwa na kutaadhimishwa, kwa kuwa iliaminiwa kwamba roho ya marehemu hukaa pamoja na mfupa huo. Muteesa alikuwa wa kwanza kuzikwa mzima, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hivyo kasri likageuka kuwa maziara. Mwanawe Mwanga wa Pili, aliyepigana na Waingereza, akapelekwa uhamishoni Shelisheli mwaka 1899 na kufia huko mwaka 1903, alirudishwa mwaka 1910 akazikwa kando ya baba yake. Daudi Chwa wa Pili, aliyetawazwa angali mtoto mchanga, aliwafuata mwaka 1939. Na Muteesa wa Pili, Rais wa kwanza wa Uganda, aliyefia London mwaka 1969, aliletwa kuzikwa mwaka 1971. Wafalme waliotangulia kila mmoja alikuwa na kilima chake. Wanne hawa wamekusanyika chini ya paa moja, na kwa sababu hiyo historia ya karne nzima, tangu kufika kwa Wazungu wa kwanza mpaka uhuru na misiba iliyoufuata, imelazwa mahali pamoja.

Eneo la maziara ni karibu hekta 30, na sehemu kubwa ni mashamba, maana kaburi la mfalme lina watu wake, na watu hao hawana budi kula. Mgeni huingia kwa Bujjabukula, nyumba ya lango, yenye nguzo za miti, kuta za matete yaliyosukwa na paa la majani, ambamo walinzi hukaa. Kutoka hapo huvuka ua mdogo wenye nyumba ya ngoma za kifalme, iitwayo Ndoga-Obukaba, kisha hutokea katika uwanja mpana uliozungukwa na ua wa matete na nyumba za wajane wa wafalme. Ng'ambo ya uwanja, ikilielekea lango, ndipo ilipo nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, ya duara, yenye kipenyo cha mita 31 kwa nje na kimo cha mita 7 na nusu kwa ndani. Paa lake halikukalishwa juu ya kuta kama tulivyozoea kuona. Huteremka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, hata nyumba nzima ikawa ni paa, na mlango ni upinde mpana na mfupi, uliochongwa katika unene wa majani, ambao hapana aupitaye asiinamishe kichwa.

Ndani mna utulivu na nusu giza. Nguzo zimevishwa nguo za gome, sakafu imetandikwa majani yenye harufu nzuri, na juu ya majani mikeka. Mtu akiinua macho aona pete zilizofungwa kwa ukindu, moja chini ya nyingine, zikipanuka kutoka kileleni hadi ukingoni, na jumla yake ni 52, kwa idadi ya koo za Waganda. Basi awe wa ukoo wa Simba au wa ukoo wa Mbega, wa nasaba kubwa au ndogo, kila mmoja huona kwamba ukoo wake umeshika sehemu ya paa linalomfunika mfalme, na kwamba pete moja ikilegea zote hulegea. Mbele ya mgeni limetandazwa pazia kubwa la nguo ya gome, na mbele ya pazia kuna majukwaa yanayoonyesha mahali pa kila kaburi, pamoja na mikuki, ngao, nishani na picha za wafalme. Waganda huamini kwamba mfalme hafi kama wafavyo watu wengine, bali huingia msituni. Kwa hiyo nyuma ya pazia huitwa msitu, na wenye idhini ya kuvuka ni wachache: wajane, jamaa wa mfalme, binti wa kifalme mwenye cheo cha Nalinnya, ambaye ndiye mlezi wa maziara, na waziri wake aitwaye Katikkiro. Kwa usanifu huo mambo yote yaliyo makubwa katika ufalme yamewekwa machoni pa mtu asiyejua kusoma: umoja wa koo uko juu ya kichwa chake, ukoo wa wafalme uko mbele yake, unyenyekevu ameushika mlangoni, na mpaka wa mambo ya siri ameuona kwa macho bila ya kuuvuka.

Lakini yaliyo makubwa kuliko nyumba ni mapatano yaliyoifanya nyumba iwezekane. Kazi ya kuezeka Kasubi haifanywi na kila ajuaye kuezeka. Ni ya watu wa ukoo wa Mbega peke yao. Mapambo ya nyumba ni ya ukoo wa Chui. Nguo za gome za ufalme husimamiwa na ukoo wa Fisi Maji, chini ya mkuu wao mwenye cheo cha Kaboggoza, na utengenezaji wake ni elimu kamili: mti wa mutuba huambuliwa gome lake la ndani wakati wa mvua, gome hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwa saa nyingi, mpaka likalainika, likapanuka, likawa na rangi ya udongo mwekundu, na shina lililoachwa wazi hufungwa kwa majani ya mgomba hata liote gome jingine, na mti uleule huvunwa tena miaka ifuatayo. UNESCO iliitangaza sanaa hiyo mwaka 2005 kuwa miongoni mwa tunu za ulimwengu. Hata watu wakaao ndani ya ua huendelea kwa kanuni hiyo ya kupokezana: mjane wa mfalme akifariki, ukoo wake hutoa mwanamke mwingine kushika nafasi yake, na kwa hiyo Muteesa, ambaye amelala tangu 1884, hakukosa wake wa kumkesha mpaka zama zetu.

Ni vema kulitafakari jambo hili kwa makini, kwa kuwa ndilo lililonisukuma kuandika. Majani huoza. Mvua, jua, mchwa na moshi huyala, wala hapana paa la majani litakaloezekwa mara moja likasahauliwa. Sehemu hii ikichoka hutolewa na kutiwa mpya, kisha sehemu ile, mwaka huu na mwaka ujao, muda wote wa uhai wa nyumba. Watu wengi wameona huo kuwa udhaifu wa majengo ya Kiafrika, wakadhani kwamba babu zetu hawakujenga cha kudumu kwa kuwa hawakuweza. Mimi naona kinyume. Kwa kuwa majani huoza, kila kizazi cha ukoo wa Mbega kililazimika kupanda juu ya paa lile, kijana akimpa mzee matita, akitazama namna ya kufunga, kisha akifunga mwenyewe mzee akitazama. Na kwa kuwa gome huchakaa, kila kizazi cha ukoo wa Fisi Maji kililazimika kushika nyundo. Kuoza kwenyewe kulikuwa mwalimu asiyechoka. Nyumba ambayo haidai kutengenezwa huwaacha wana wa fundi bila kazi, na wana wasiokuwa na kazi husahau, na siku nyumba hiyo ipatapo ajali hapana ajuaye kuiinua.

Nyumba ya Kasubi ilijaribiwa mara nyingi. Katika matengenezo ya mwaka 1938 chuma na saruji viliingizwa ndani yake kuisaidia miti, vikafichwa kwa nguo za gome na matete, na koo hazikunyang'anywa zamu zao. Mwezi wa Mei 1966 jeshi la serikali lilishambulia kasri la Mengo, na Muteesa wa Pili akakimbilia uhamishoni. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zikafutwa kwa sheria. Hapakuwa na Kabaka katika kiti mpaka tarehe 31 Julai 1993, alipotawazwa Ronald Muwenda Mutebi wa Pili, na maziara hayakurudishwa mikononi mwa ufalme mpaka mwaka 1997. Hata hivyo katika miaka hiyo wajane hawakuuacha ua wao. Mwaka 2001 UNESCO ikaiandika Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia, ikitaja kwamba thamani yake kubwa ni imani, mila na utambulisho wa watu wake, vitu ambavyo havishikiki kwa mkono.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Moto uliwaka katika Muzibu-Azaala-Mpanga, na majani makavu, miti mikavu na nguo za gome zikaungua kwa kasi ambayo hapana aliyeweza kuizuia. Kulipopambazuka palikuwa na majivu na nguzo nyeusi. Wanaume na wanawake walilia hadharani, na siku hiyo ya pili simanzi ikageuka ghasia, na watu wakapoteza maisha kwa risasi. UNESCO iliihamishia Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ndipo swali zito likazuka: nyumba ikijengwa upya kwa miti mipya na majani mapya, je, ni nyumba ile ile, au ni mfano wake tu?

Swali hilo lilikwisha kuulizwa mbali sana na Kampala, katika nchi ambayo nayo iliabudu ndani ya majengo ya mbao. Karibu na mji wa Nara, Japani, liko hekalu la Kibudha liitwalo Hōryū-ji, lililoasisiwa mwaka 607 na Mwanamfalme Shōtoku. Maandiko ya Wajapani yasema kwamba liliungua mwaka 670. Likajengwa tena, na majengo yake ya wakati huo, ukumbi mkuu na mnara wa orofa tano unaozidi mita 30, ndiyo majengo ya mbao ya kale kuliko yote yaliyosimama duniani. Hayakusimama miaka 1300 kwa kuachwa. Kizazi baada ya kizazi maseremala wa hekalu waliyafungua, wakatoa kilichooza, wakatia kipya na kuyafunga tena. Fundi mashuhuri wa karne ya ishirini, Nishioka Tsunekazu, aliyezaliwa mwaka 1908 na kufariki mwaka 1995, alifunzwa na babu yake, ambaye kwanza alimpeleka katika shule ya kilimo, ili aujue udongo kabla ya kuujua mti na aujue mti kabla ya kuijua mbao. Na katika mafundisho ya mdomo aliyorithi lilikuwamo hili, kwamba mti uliomea upande wa kusini wa mlima utumike upande wa kusini wa jengo. Tarehe 26 Januari 1949, wakati wa matengenezo, moto uliunguza ukumbi mkuu na michoro yake ya kale ya ukutani. Wajapani walihuzunika kama walivyohuzunika Waganda, lakini wakaifanya huzuni kuwa sheria: mwaka 1950 ikatungwa sheria ya kulinda mali za utamaduni, ambayo pamoja na majengo huuhifadhi ustadi wenyewe, na tarehe hiyo ya Januari imekuwa siku ya kila mwaka ya kujihadhari na moto katika mahekalu na makumbusho yao.

Mjini Nara kwenyewe, mwaka 1994, wataalamu wa mataifa mbalimbali walikutana wakaafikiana kwamba uhalisi wa jengo la kale usipimwe kwa kipimo kimoja kwa watu wote, bali kwa misingi ya utamaduni wa wenyewe. Wazungu wa mawe walikuwa wamezoea kuuliza, "Je, jiwe hili ni lile lile?" Sasa ikakubaliwa kwamba ni halali kuuliza pia kama mikono ni ya ukoo ule ule, na maarifa ni yale yale, na ibada ni ile ile. Kwa kipimo hiki Kasubi ilikuwa imeungua, lakini haikuwa imekufa, kwa kuwa ukoo wa Mbega ulikuwa hai, na mutuba ulikuwa ukiota. Japani, kwa njia ya UNESCO, ilisaidia kwa fedha na wataalamu, hasa katika ulinzi wa moto. Koo zikaitwa kwenye zamu zao. Vijana wakafundishwa kuezeka. Na kazi ikaenda polepole, miaka zaidi ya kumi, kwa kuwa mambo ya maziara yana taratibu na miiko ambayo haiwezi kuharakishwa. Mwezi wa Septemba 2023, katika mkutano uliofanywa Riyadh, Kasubi ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Na Beit al-Ajaib, ndugu yake wa umri mmoja? Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa iliporomoka na kuua watu. Silisemi hili kuwalaumu watu wa Unguja, ambao jumba lile ni pambo la mji wao na msiba wake ni msiba wa Waswahili wote. Nalisema kwa kuwa latuondolea dhana ya kale kwamba chuma na mawe hujilinda vyenyewe. Kila jengo, la matete au la matumbawe, lahitaji watu ambao kulitunza ni sehemu ya majina yao.

Sasa niwageukie wenzangu wa Kasindi, wa Beni na wa Butembo. Sisi nasi tulikuwa na nyumba za majani zilizobeba maana. Katika vijiji vya Wanande palikuwa na kyaghanda, nyumba ya baraza, moto ukiwaka katikati, ambamo wazee walikata mashauri, wageni walipokewa, na vijana walifunzwa adabu kwa mithali na hadithi. Jina lake lingali laheshimiwa, hata vyama vya watu wetu mijini hujiita kwalo. Lakini nyumba yenyewe, na ujuzi wa kuijenga, vinatuponyoka. Mabati yamefunika miji yetu, na siyalaumu mabati, maana mtu mwenye watoto hutaka paa lisilovuja wala kushika moto. Tena tangu mwaka 2014 mauaji katika wilaya ya Beni yameviteketeza vijiji na kuwatawanya watu, na mzee akimbiaye usiku haondoki na paa lake, bali huondoka na alijualo. Akifariki kambini kabla ya kulikabidhi, limezikwa naye.

Kwa hiyo la kufanya li wazi, wala halingoji serikali wala wahisani. Kila kijiji kilichobaki na mzee ajuaye kuchagua miti, kukata majani kwa majira yake na kufunga fito kwa kamba za porini, kimpe vijana wawili au watatu, wajenge pamoja naye kyaghanda moja, kwa mikono, mpaka kileleni, na paa litakapochoka waliezeke tena wao wenyewe. Wanafunzi wa vyuo vya Butembo, ambao wazazi wao ni wazawa wa milima hii, waandike vipimo, majina ya miti na miiko ya kazi, kwa Kinande na kwa Kiswahili. Na mfanyabiashara wetu aendaye Kampala, akiisha kununua bidhaa zake, apande kilima cha Kasubi, avue viatu, ainamishe kichwa mlangoni, ahesabu pete za paa, kisha akirudi nyumbani awaulize wazee wa ukoo wake: sisi tulipewa zamu gani, na ni nani kati yetu awezaye kuishika leo?